Lori Lililopiga Honi Peke Yake

Lori la Pacifique lilianza wazimu wake kwa indiketa. Siku hiyo alikuwa akipanda mlima wa kuingia Yeoville, mtaa wa Johannesburg, na mzigo wa kabichi kutoka soko kuu, anakwenda moja kwa moja bila nia ya kukata kona popote, mara indiketa ya kushoto ikaanza kuwaka na kuzima. Dereva wa teksi aliyekuwa nyuma yake akatoa kichwa dirishani na kumtukana kwa Kizulu kilichonyooka. Pacifique akaipiga dashibodi kofi, indiketa ikatulia, naye akasahau.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Haukupita muda waipa zikaanza kufuta kioo siku ya jua kali, zinakwaruza mpaka meno yanauma. Vioo vya milango vikashuka na kukataa kupanda, na milango ikawa inajifunga na kujifungua yenyewe. Taa za mbele zikawa zinakonyeza watu barabarani, na watu wa Johannesburg si wa kukonyezwa ovyo. Kisha ikaja honi. Alfajiri moja lori likiwa limeegeshwa uani, milango imefungwa na ndani hamna hata panya, lilipiga honi mfululizo mpaka ghorofa zote tatu zikaamka. Pacifique alishuka ngazi na kaptula, akachomoa waya wa betri, huku majirani wamejaa kwenye roshani na mablanketi yao mabegani.

Miongoni mwao alikuwa Murielle, msusi anayekaa mlango wa pili. Murielle si mtu mbaya. Ni mtu ambaye neno likimfika mdomoni halijui kurudi. Alimtazama Pacifique akihangaika na betri, akamgeukia jirani aliyesimama karibu naye, akasema kwa sauti ambayo yeye aliiona ndogo, "Tangu ule mama afike, gari imeanza kulia yenyewe. Miye sisemi kitu. Lakini lisemwalo lipo."

Ule mama ni Mama Orpha, mama mzazi wa Victoire, mke wa Pacifique. Alikuja kutoka Lubumbashi baada ya Victoire kujifungua. Uzazi ule ulikuwa wa shida. Victoire alipoteza damu nyingi, na aliporudi nyumbani kutoka hospitali hakuweza hata kuinua kikombe. Pacifique alibaki na kichanga cha kiume kinacholia, mke aliyelala kama nguo iliyoanikwa, na lori ambalo lisipotoka hakuna anayekula. Alipiga simu moja tu. Mama Orpha hakuuliza mengi. Alifunga samaki wakavu na majani yake ya dawa kwenye mfuko, akapanda basi, akavuka Zambia, akavuka Zimbabwe, akashuka kituo cha Park Station miguu imevimba, na usiku huohuo akaanza kumkanda binti yake kwa maji ya moto.

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na nyumba ile ilipona kweli. Victoire alianza kuketi, kisha kusimama, kisha kugombana na mumewe kuhusu viatu vyake vilivyotupwa mlangoni, na Pacifique alipogombezwa siku ile alikwenda bafuni akalia kwa furaha. Mtoto, Glody, alinenepa hadi mikono ikafanya mikunjo.

Tatizo ni kwamba Pacifique hakuwa na njia ya kusema asante. Wao ni Waluba wa Katanga, na kwao mwanamume na mama mkwe wake hawaangaliani usoni, hawapeani mkono, hawali pamoja, wala hawaongei ana kwa ana. Si uadui, ni heshima. Kijijini heshima hiyo ina nafasi: yeye nyumba ile, wewe nyumba hii, na mgomba katikati. Katika fleti ya vyumba viwili Yeoville, heshima inahitaji mazoezi. Pacifique alikohoa kabla hajafungua mlango, Mama Orpha akakimbilia jikoni na kuvuta pazia. Akitaka kwenda bafuni, alikohoa tena. Majirani wasiojua walidhani ana kifua.

Maneno yalipita kwa Glody. Pacifique akimshika mtoto alisema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, "Glody, mwambie nkambo chai ilikuwa tamu." Nkambo ndivyo wanavyomwita bibi mzaa mama huko kwao. Na kutoka nyuma ya pazia ilirudi sauti: "Glody, mwambie baba yako iko ingine kwa chupa." Glody, ambaye hakuwa hata na jino, alizifikisha salamu zote bila kufungua mdomo.

Kwa chai njia hiyo ilitosha. Lakini kwa mtu aliyekurudishia mke kutoka mlango wa kaburi, utasema nini kupitia kwa mtoto anayetema maziwa? Pacifique alijaribu mara nyingi. Kila mara aliishia kusifu chai.

Sasa maneno ya Murielle yakapanda ngazi na kushuka ngazi, mpaka Alhamisi yakamkuta Mama Orpha mwenyewe akianika nepi uani. Alirudi ndani, akaanza kukunja nguo zake, akamwambia Victoire kwamba Jumamosi anapanda basi. "Siwezi kukaa kwa nyumba ya mtu na kuua kazi yake," alisema. "Kama niko na nuksi, niende nayo kwetu."

Tusilifanyie mzaha jambo hili. Huko wanakotoka, mama mzee akishatajwa kwa neno la uchawi kama lile halimwachi. Wako waliofukuzwa na watoto wao wenyewe kwa kisa kidogo kuliko honi ya lori. Kama Mama Orpha angepanda basi Jumamosi huku lori bado lina wazimu, maneno yangefika Lubumbashi kabla yake, na huko kila kuku atakayekufa mtaani atakuwa wake. Pacifique alilijua hilo, na usiku ule hakupata usingizi. Ilikuwa lazima lori lipone kabla ya basi kuondoka, na lipone kwa sababu ambayo hata Murielle angeielewa.

Ijumaa asubuhi, lori likakataa kuwaka kabisa. Alizungusha ufunguo, dashibodi ikamtazama kama mtu asiyemjua. Alilifunga kwa kamba nyuma ya bakkie, pikapu ya jirani, wakaliburuta hadi Doornfontein, kwenye ua wa fundi Ameir.

Ameir ni Mzanzibari, fundi umeme wa magari, mrefu, mwenye kofia ya kiua iliyoshika grisi pembeni. Ana desturi moja inayowaudhi wateja wenye haraka: hagusi gari kabla hajamaliza salamu.

"Mke hajambo?"

"Hajambo, fundi. Lakini ile lori—"

"Lori lipo, haliendi popote, si ndiyo maana limekuja kwa kamba? Mtoto?"

"Muzima."

"Na mamkwe? Bado yupo?"

Yote yakamtoka Pacifique, honi, Murielle, nguo zinazokunjwa, basi la Jumamosi. Ameir alisikiliza bila kumkatiza, akavua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa tena.

"Eish," alisema. "Basi leo tuna wagonjwa wawili. Tuanze na huyu wa chuma."

Alichomoa betri, akajimiminia chai ya tangawizi akanywa taratibu, ili umeme uliobaki kwenye waya uishe. Kisha akajilaza chali chini ya usukani, miguu nje, akafungua kifuniko cha plastiki pale pembeni miguu ya dereva inapopita. Akatoa kisanduku cheusi, kikubwa kama kitabu cha nyimbo za kanisani, kimechomekwa soketi za waya kila upande.

"Huyu ndiye mkubwa wa nyumba," alisema. "Sisi tunamwita kompyuta ya bodi. Injini ina kompyuta yake, hiyo haina neno. Huyu anatawala taa, honi, waipa, vioo, milango. Na ufunguo wako, yeye ndiye anayeutambua. Akipata homa, kila kitu kinaweweseka. Akizimia, hata ufunguo wako haujui."

Akakifungua kwa bisibisi. Ndani, ile sahani yenye njia nyembamba za shaba ilikuwa imeota ukungu wa kijani, na juu ya ukungu kuna unga mweupe. Ameir akaugusa unga kwa ncha ya kidole, akaonja, akatema.

"Lori hili limewahi kukaa pwani? Durban labda?"

"Hapana. Ni Joburg tu, tangu nilinunue."

"Hii chumvi, bwana. Kwetu magari yanaliwa na chumvi ya bahari, ladha yake naijua. Lakini Joburg bahari iko wapi?"

Pacifique alikuwa karibu kucheka, kisha akatazama viatu vyake. Ncha zake zilikuwa na mistari myeupe, ile ya maji yaliyokauka. Akakumbuka kapeti la dereva, jinsi kila asubuhi lilivyokuwa na unyevu, naye akilaumu mpira wa mlango. Alitoa simu akampigia Victoire.

"Victoire, kuna mtu anamwaga maji ndani ya lori?"

Victoire akasema polepole, "Ni mama. Kila asubuhi wakati unaoga, anabeba ufunguo anashuka. Ni maji na chumvi, anaombea. Anamwaga pale miguu yako inakaa. Alisikia vile wanapora madereva kwa barabara ile ya soko, wanawavuta inje. Alisema hana kingine cha kukupa."

"Na weye ulijua?"

"Nilijua. Nilizani maji kidogo haiwezi kufanya kitu." Akavuta pumzi. "Usimwambie, Pacifique. Atakufa na aibu."

Pacifique aliketi juu ya tairi kuukuu. Kicheko kilimpanda, kikakatika njiani. Miezi yote ile alikuwa akioga kwa maji ya moto huku mama wa watu, mwenye miguu ya kuvimba, anashuka ngazi za ghorofa tatu gizani kwenda kumwombea mahali anapoweka viatu. Hakuwahi kusema. Angesemaje, na mfikisha salamu wao hana meno?

"Nitasema kompyuta ilizeeka," alimwambia Ameir, akiisha kumsimulia aliyoyasikia kwenye simu. "Basi. Ilizeeka, tumebadilisha."

Ameir alikuwa anafuta mikono. "Sema. Watakuuliza, mbona imezeeka alipofika yeye? Utajibu nini?"

Pacifique alikitazama kile kisanduku chenye ukungu.

"Ndugu yangu, yule mama sasa hivi anaamini ana nuksi. Nuksi haina dawa, ila kuondoka. Chumvi ina dawa, ni spiriti na kitambaa. Unataka kumficha ugonjwa wenye dawa aende na usio na dawa? Mwambie. Lakini mwambie vizuri."

Kisha akapiga simu huku na huku, na saa ya adhuhuri kisanduku kingine kikaletwa na pikipiki, kimetolewa kwenye lori la aina ileile lililopata ajali. Ameir alisali kwanza. Aliporudi akakichomeka soketi moja baada ya nyingine, akarudisha betri. Dashibodi ikawaka vizuri, taa zikatii. Pacifique akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena. Kimya kilekile cha asubuhi, na moyo wake ukaanguka hadi kwenye viatu vyake vyenye chumvi.

"Tulia," alisema Ameir. "Huyu bado yuko kwenye nyumba yake ya zamani. Anaujua ufunguo wa lori lile, wako hajawahi kuuona. Lazima tumhamishie kumbukumbu."

Alichukua sahani ya kile kisanduku cha zamani, akaisugua kwa spiriti na mswaki laini, polepole, kama mtu anayemwosha mtoto masikio, akaikausha juani. Kumbukumbu yote, alieleza, inakaa kwenye kidude kimoja kidogo kuliko ukucha, na chumvi ilikuwa haijakifikia. Akaunganisha waya mwembamba hadi kwenye laptopu. Pacifique alisimama nyuma yake akiomba kwa Kiluba, midomo tu. Kwenye kioo mstari wa kijani ulitambaa, ukasimama katikati kwa muda wa kumpa mtu presha, ukaendelea, ukafika.

Walipochomeka tena, Pacifique akazungusha ufunguo na injini ikanguruma. Ameir hakufurahi haraka. Alilifanyia lori mitihani yote: indiketa kushoto, kulia, waipa, vioo, milango, taa za breki. Honi aliiacha mwisho.

"Usiiguse. Tusikilize kwanza."

Wakasikiliza. Lori lilikaa kimya kwa adabu. "Haya, bonyeza sasa." Pacifique akabonyeza, honi ikalia, akaachia, ikanyamaza. Alishuka akamkumbatia yule Mzanzibari, grisi na yote, akashindwa kumwachia.

"Basi, basi," alisema Ameir. "Nisalimie mamkwe. Mwambie na langu aliombee. Ila aombee kwa mbali, asije na chupa."

Jua lilikuwa linaelekea kuzama Pacifique alipoingia Yeoville. Kwenye robot ya mwisho, yaani taa za barabarani, indiketa ilingoja hadi alipoiamuru. Aliegesha uani. Juu kwenye roshani Murielle alikuwa anamsuka mteja, vidole vikasimama, akatazama lori kama anayengoja lifanye kituko. Halikufanya. Pacifique akampungia mkono, akapanda ngazi, akakohoa mlangoni.

Ndani, pazia la jikoni lilikuwa tayari limevutwa. Mfuko wa safari ulikuwa umefungwa, umesimamishwa ukutani. Victoire alimtazama mumewe, akaelewa kutoka kwenye uso wake kwamba ameamua, akamkabidhi mtoto. Pacifique akakaa kwenye kiti kilicho karibu na pazia.

"Glody, mwambie nkambo lori imepona."

Nyuma ya pazia mwiko uliokuwa unakoroga ukasimama.

"Mwambie haikuwa uchawi, haikuwa nuksi. Ni maji ya chumvi ilishuka kwa kompyuta, pale chini, pembeni ya miguu yangu. Fundi alionja akaijua. Ni vile tu. Chumvi."

Victoire alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

"Mwambie sina kasirani. Glody, sikia vizuri, usisahau hata neno. Mwambie tulikuwa miye na weye na mama yako tunakufa ndani ya nyumba hii, na yeye alivuka inchi mbili, Zambia na Zimbabwe, akakuja. Mama yangu alikufa ningali kijana. Tangu wakati ule hakuna mtu aliamka mbele yangu asubuhi juu ya kuniombea. Kumbe iko mtu alikuwa anaamka, na miye naoga tu." Akafuta macho kwa nepi ya mtoto, maana ndiyo iliyokuwa karibu. "Mwambie akienda kesho, ni sawa na mama kunifia tena. Mwambie abaki."

Glody alimshika baba yake pua.

Pazia likafunguka. Mama Orpha alisimama pale, mwiko mkononi, kitenge kimefungwa kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu awe mkwe wake akamtazama Pacifique usoni. Machoni mwake hamkuwa na aibu. Alikuwa na swali.

"Zile taa za pembeni zilikuwa zinawaka bule?"

"Ndiyo, mama," alijibu Pacifique, kabla hajatambua kwamba amemjibu.

"Na vioo havipande?"

"Havikupanda."

"Na mulango?"

"Ilikuwa inajifunga, inajifungua."

"Na weye ulipita kila siku kwa barabara ile ya wezi, na lori ya wazimu, mulango inafunguka yenyewe."

"Ndiyo, mama."

Mama Orpha alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayehakikisha hesabu yake.

"Na kila siku ulirudi," alisema.

Pacifique alijua ni kweli. Siku zote zile za wazimu, hakuna aliyewahi kumsimamisha, hakugongwa, hakugonga, hakuporwa hata kabichi moja.

"Nilirudi, mama," alisema. "Aksanti."

Neno lenyewe lilikuwa dogo kuliko alivyodhani. Mama Orpha alilipokea, akainamisha macho kama desturi inavyotaka, akamwambia Victoire aende amwite Murielle aje kula, ili asikie habari ya chumvi kutoka kwa mwenye chumvi. Kisha akarudi jikoni, na walimsikia akiongeza maji kwenye sufuria ya bukari, ugali wa kwao.